Eafoni Zilikaa Vizuri Mno

"Dada, hizi zirudishe tu. Masikio yangu yamezikataa."

Grasiana aliacha simu ya mteja aliyokuwa akiibandika kioo, akainua macho. Mbele ya kaunta alisimama kijana mrefu wa shuka jekundu, fimbo kwapani, mkononi kiboksi cheupe cha eafoni zisizo na waya. Alimjua. Kisioki, mfugaji wa Sindeni. Mara ya kwanza alikuja kununua, mara ya pili kulalamika, na leo kaja kurudisha kabisa.

"Zimekukataa vipi, kaka?"

"Nikiinama zinadondoka. Nikikimbiza ndama zinadondoka. Jana moja imeangukia kwenye nyasi, nikapiga magoti kuitafuta, kuja kuinuka ng'ombe wako ndani ya mahindi ya watu."

"Kwa ajili ya eafoni?"

"Kwa ajili ya eafoni zako. Nimeomba msamaha mpaka sauti imekauka."

Grasiana alijikaza asicheke. Duka lenyewe dogo, pale Manundu mjini Korogwe, hatua chache kutoka stendi: chaja, makava, memori kadi na eafoni za kila rangi. Mwenye duka alikuwa Dunstan, ambaye muda mwingi hushinda Tanga akifuata mizigo, kwa hiyo maneno ya wateja yote yaliishia kwa Grasiana.

"Umeweka vimpira gani?"

"Vikubwa. Mwenye sikio kubwa si anaweka kikubwa?"

"Nani kakwambia?"

"Akili yangu."

"Hebu vaa nikuone."

Kisioki akaishika eafoni akaisukuma ndani kama mtu anayeziba dumu la maji. Uso ukamkunjamana.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kama nge, lakini nge mdogo."

Hapo Grasiana akashindwa, akacheka mpaka akajishika kaunta. Kisioki naye akacheka, na ndewe zake zikacheza. Nikwambie kuhusu hizo ndewe, maana ndizo zilizoleta balaa lote. Tangu utotoni zilitobolewa na kuvutwa kidogo kidogo, kama ilivyo desturi ya kwao, sasa zilining'inia karibu zifike kwenye taya, zimezungushiwa shanga nyeupe na buluu. Na kwa kuwa shuka halina mfuko, kile kiboksi cha kuchajia alikuwa akikipachika humo humo kwenye tundu la ndewe na kwenda zake malishoni.

"Njoo huku kwenye mwanga," Grasiana alisema. "Sikio lako kubwa huku chini. Njia ya ndani ni ndogo tu kama ya mtu yeyote. Kimpira kikubwa hakiingii, kinakaa mlangoni. Ukiongea, taya inakisukuma nje."

Alivua vile vikubwa akaweka vidogo. Mkono mmoja akalivuta sikio la Kisioki juu kidogo, mkono wa pili akaingiza eafoni taratibu, akaizungusha kuelekea nyuma mpaka ikatulia, kisha sikio la pili vilevile.

"Unajisikiaje?"

"Dunia imenyamaza."

"Basi imeziba vizuri. Tingisha kichwa. Sasa tafuna, kama unakula nyama."

Kisioki akatafuna hewa, mwanaume mzima. Ya kulia ikakaa. Ya kushoto ikaponyoka, ikadunda kwenye kaunta.

"Hii si nimekwambia inanichukia?"

"Haikuchukii. Masikio ya mtu hayafanani, la kushoto linataka kimpira cha kati. Halafu ndewe yako inavuta sikio chini, kwa hiyo hapa pa kuiegemeza pamelegea. Tunaongeza kibawa hiki cha raba, kinajibana hapa kwenye mkunjo wa juu. Usigeuke."

Alikuwa karibu naye mno. Alinusa moshi wa kuni na maziwa, akahisi pumzi yake kwenye kifundo cha mkono. Vidole vyake vikawa vizito ghafla, kazi ya dakika moja ikataka kumshinda.

"Ruka," alimwambia alipomaliza.

"Hapa dukani?"

"Hapo hapo. Si nyie mnajua kuruka?"

Kisioki akaruka, wima, mara kadhaa. Wapita njia wakasimama. Eafoni hazikutikisika. Alipotua alimtazama Grasiana, wala hakutazama eafoni tena.

"Dada, na nikitaka kujua kama simu inasikika, nimpigie nani?"

Mchezo ukaanzia hapo.

Akawa anapiga akiwa malishoni, mikono yake huru, fimbo mabegani, eafoni zimekaa. Grasiana naye alivaa za kwake chini ya rasta zake nene zilizofunika masikio, akihudumia wateja huku akisikiliza kengele za ng'ombe wa Sindeni.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Bado. Nasubiri ng'ombe wanywe kwanza."

"Kisioki, unawapenda hao ng'ombe kuliko mimi."

"Wale siwapigii simu."

Mwanamke akisikia neno kama hilo sikioni kabisa, bila upepo wala kelele kuingia katikati, mwambie atulie uone. Grasiana alipenda. Alipenda mpaka akawa anarudisha chenji ya watu pungufu au zaidi, bila kujua.

Siku moja Kisioki alishuka Korogwe kutoka mnadani, wakatembea pamoja kuelekea stendi wameshikana mikono. Wasichana watatu waliokaa kwenye benchi la muuza soda wakawanyooshea vidole. Mmoja akajishika ndewe zake akazivuta chini, wenzake wakaangua kicheko. Grasiana akauachia mkono wa Kisioki. Akajifanya anatafuta kitu kwenye pochi. Kisioki akaendelea kumsimulia habari za dume lake lililopata bei nzuri. Grasiana akashukuru moyoni kwamba hakugundua.

Alikosea.

*

Grasiana aliishi Masuguru na shangazi yake Agripina, Msambaa wa Bumbuli aliyemchukua akiwa mdogo baada ya mama yake kufariki. Shangazi Agripina alikuwa mzee wa kanisa, mshona sare za shule, na mwenye neno la mwisho katika nyumba ile. Jioni ile alikuwa jikoni akimenya ndizi. Grasiana aliingia akiwa kwenye simu na Kisioki, eafoni sikioni.

"Subiri kidogo, nakuja," alimwambia Kisioki kwa sauti ya chini, akaenda kumsaidia shangazi kumenya.

Kidogo ikawa kirefu. Zile eafoni zilikaa vizuri mno. Hazibani, haziumi, nyepesi kama hakuna kitu, na rasta zimefunika. Grasiana akasahau kabisa kwamba anazo. Shangazi hakuziona. Na kule Sindeni, Kisioki aliambiwa asubiri, akasubiri.

"Grasi," Shangazi alianza, "huyo Mmasai wako nasikia anataka kuleta barua ya posa."

"Ndiyo, shangazi."

"Sina neno na kabila. Mwanaume ni mwenye adabu, anasali, mifugo anayo. Neno langu ni yale masikio."

"Masikio yamefanyaje?"

"Usinichezee akili. Atasimama madhabahuni mbele ya wanakwaya wenzangu na yale matundu? Siku hizi wanayashona hospitali. Watoto wa wenzake wangapi wameshona, leo wako mjini wanafanya kazi, humjui Mmasai nani wala Msambaa nani."

Grasiana alikuwa na maneno mengi ya kusema hapo. Angeweza kusema anayapenda. Angeweza hata kunyamaza. Lakini aliona uso wa yule mama aliyemlea, akaona jinsi mambo yatakavyokuwa rahisi akikubali, akajichekesha.

"Atayashona shangazi, usijali. Nitamwambia. Hata mimi nikitembea naye pale stendi naona aibu. Watu wanavyoyatazama, natamani ardhi ipasuke."

"Enhee. Umeona sasa? Siongei peke yangu."

Ndipo akasikia. Ndani kabisa ya sikio, kengele ya ng'ombe ikalia mara moja, taratibu.

Kisu kilimtoka mkononi.

"Kisioki?"

"Nani huyo unamwita?" Shangazi aliuliza.

Grasiana alikuwa ameshakimbilia nje, anahangaika kuitoa simu mfukoni. Kioo kilionyesha simu bado iko hewani. Kabla hajatamka neno, ikakatwa upande wa pili.

Alipiga. Haikupokelewa. Alipiga tena. Ukaingia ujumbe:

"Nimesikia. Sina hasira na wewe. Kesho kutwa nakwenda hospitali kuyashona. Usione aibu tena."

Akaandika: "Kisioki naomba upokee. Sikumaanisha."

Hakujibiwa. Alipopiga mara ya tatu mama wa mtandao akamwambia mteja hapatikani.

Kesho yake alikuwa dukani kama mgonjwa. Mteja kaomba chaja, kampa kava. Mchana namba ngeni ikaita.

"Wifi, mimi Naisimoi, dada yake Kisioki."

"Naisimoi, Kisioki yuko wapi?"

"Yupo. Anaosha shuka lake jipya, anasema kesho asubuhi ana safari ya kushonwa masikio. Yeyo, mama yetu, ameketi ndani tangu jana, hali, hazungumzi. Wifi, nakuuliza kwa heshima. Mmemwambia nini kaka yangu?"

Grasiana alifunga duka bila kumwambia Dunstan.

*

Alifika Sindeni, bomani kwa kina Kisioki, jua bado kali. Mama Naitoi, mama yake Kisioki, alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yake, ushanga miguuni ambao hakuwa akiutunga. Grasiana akamwendea, akainamisha kichwa kama Kisioki alivyomfundisha kwenye simu. Mkono mkavu ukakigusa kichwa chake.

"Takwenya," mama alimsalimu.

"Iko, mama."

"Kumbe unajua. Kaa." Akamsogezea kigoda. "Wewe ndiye wa dukani. Uliyemwekea vitu vile sikioni visidondoke."

"Ndiye mimi, mama."

"Alikuja hapa akaruka, akaniambia, yeyo, kuna msichana amelishika sikio langu bila kucheka. Nikafurahi. Nikasema huyo ataolewa hapa." Akausogeza ushanga kando. "Yale masikio niliyatoboa kwa mkono wangu. Nikaweka kijiti, kikipona nabadilisha kikubwa zaidi, napaka mafuta. Alilia, nikambeba mgongoni siku nzima. Nilipomaliza nikasema, mwanangu sasa anaonekana ni mtoto wa mtu. Leo anakwenda kuyafunga. Simkatazi, ni mkubwa. Lakini nataka kujua, yana ubaya gani?"

"Hayana, mama," Grasiana alisema, na machozi yakamtoka bila kuombwa. "Ubaya ni wangu."

Kisioki alikuwa zizini, anamfunga ndama. Masikioni hakuwa na kitu, hata shanga alikuwa ameshazivua. Alimwona Grasiana akaendelea na kamba.

"Umekuja mbali," alisema.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Nimekwambia sina hasira."

"Bora ungekuwa nayo. Kisioki, yale nilimwambia shangazi ili anyamaze tu. Nilimwogopa."

"Kwa hiyo ulimdanganya?"

Grasiana alifungua mdomo aseme ndiyo.

"Usinijibu haraka," Kisioki alisema. "Siku ile pale stendi uliniachia mkono. Ulitafuta kitu kwenye pochi, hukukipata. Na mimi niliendelea kukusimulia habari za dume ili usijue kuwa nimeona."

Ndama akalia. Grasiana akakaa chini pale pale, kwenye samadi kavu, na gauni lake la kazini.

"Sikumdanganya," alisema. "Niliona aibu. Wale wasichana walipocheka niliona aibu, na nikakuachia. Kisha usiku mzima nilijichukia. Hiyo ndiyo kweli yangu, sina nyingine."

Kisioki akaketi naye, mbali kidogo.

"Unajua kilichoniuma?" alisema. "Zingekuwa za zamani, zile zinazodondoka, nisingesikia kitu. Ulinifundisha mwenyewe zikae. Zikakaa. Nikasikia hadi kisu kinavyomenya ndizi. Ulisema nisubiri, nikawa nasubiri nikwambie kuwa baba mdogo amekubali kupeleka posa."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, tatizo siyo hilo. Mimi nakutaka wewe. Kama ndewe ndizo zinazotugombanisha, zitoke. Ni nyama tu."

"Kwa mama yako siyo nyama tu."

Kisioki akageuka kuitazama nyumba ya mama yake.

"Na kwangu pia," Grasiana aliendelea. "Ukiyashona kwa sababu yangu, kila nikikutazama nitaona mshono, na nitakumbuka nilivyosema jikoni. Nitakaaje na mshono huo maisha yote? Siku utakapotaka kuyashona kwa kutaka mwenyewe, nitakusindikiza hospitali. Lakini siyo kwa mdomo wangu ule."

"Maneno ya hapa zizini ni rahisi, Grasi. Hapa wenye ndewe ni sisi wote. Wewe ndiye unayeonekana wa ajabu." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza. "Sitakwenda hospitali kesho. Jumapili ya posa nitakuja Masuguru kama nilivyo. Shangazi yako atauliza. Na wewe utajibu mbele ya watu wote. Ukiona aibu, sema, nitarudi nyumbani wala sitakulaumu. Ila sitaishi na mtu anayenipenda kwenye simu tu."

"Nitajibu."

"Usiniahidi."

Akanyoosha mkono, akamtoa majani kwenye rasta, polepole, moja moja. Grasiana alitamani ndama yule asifunguliwe leo, ili waendelee kukaa pale.

*

Jumapili sebule ya Shangazi Agripina ilijaa. Upande wa dirishani wazee wa Kisambaa na makoti yao, upande wa mlangoni wageni kutoka Sindeni: baba mdogo Lenku, Mama Naitoi, Naisimoi na Kisioki. Kisioki alivaa shuka jipya, na kwenye ndewe zake shanga zilikuwa zimerudi, nyingi kuliko zamani. Hakuzificha hata kidogo.

Grasiana alikuwa chumbani na wasichana wa kwaya. Mlango ukafunguliwa, akaitwa. Desturi ni kwamba binti aulizwe mwenyewe, ili baadaye pasiwe na lawama.

"Grasiana," Shangazi alisema akiwa amesimama katikati, kitenge kimekazwa. "Wageni hawa wanasema wamefuata ua kwenye nyumba hii. Unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Huyu kijana?"

"Ni Kisioki."

Wazee walianza kupiga makofi, Shangazi akainua mkono.

"Bado. Mimi nimemlea mtoto huyu, sitaki aolewe kwa kuogopa mtu, hata kuniogopa mimi. Grasi, ulinieleza jikoni kwamba masikio ya mwenzako yanakutia aibu, na kwamba atayashona. Namwona leo, hajayashona. Sema mbele ya hawa. Nikubali au nirudishe barua?"

Wasichana wa kwaya walijazana mlangoni, mmoja akijiziba mdomo. Ilikuwa ni aibu ile ile ya stendi, ila sasa ilikuwa na watu wengi zaidi. Grasiana aliwatazama wote. Halafu akamtazama Kisioki, ambaye alikuwa anaitazama sakafu, kama mtu anayengoja kuambiwa aondoke.

"Nilisema, shangazi," alianza, na sauti ikamtoka nyembamba. Akaikaza. "Nilisema, na yeye alisikia. Aliacha nimdharau, akataka kwenda kukatwa nyama yake ili mimi nipite stendi nikiwa na raha. Mimi ndiye nilimzuia. Masikio yake mama yake huyu aliyatoboa kwa mkono wake. Mimi nimeyashika, nayajua, la kushoto ni tofauti na la kulia. Nayataka yalivyo. Kama kuna mtu hapa atayacheka siku ya harusi, namwomba abaki kwake. Mwenyewe nilishawahi kuyaonea aibu, najua lilivyo jambo la kijinga. Ipokee barua, shangazi."

Hakuongeza neno. Akavuka sebule yote, desturi au si desturi, akaenda kuketi karibu na Kisioki na kumshika mkono.

Shangazi Agripina akavuta kigoda, akakiweka mbele ya Mama Naitoi, akaketi.

"Kweli uliyatoboa mwenyewe, mkwe?"

"Mwenyewe."

"Alilia?"

"Alilia mpaka akasinzia mgongoni."

Shangazi akatikisa kichwa. Akamgeukia Grasiana, akazisogeza rasta zake kando kwa vidole viwili, sikio lenye hereni ndogo ya dhahabu likaonekana.

"Huyu nilimtoboa mimi, kwa sindano ya cherehani na uzi mweusi. Alilia akakataa uji wangu. Nikambeba nikazunguka naye nyumba nzima, nikimwambia atakuwa mzuri." Akaigusa ile hereni. "Hakuna aliyenicheka."

Mama Naitoi akaegemea mbele, akaitazama ile hereni kwa makini ya mtu anayejua kazi.

"Ulitoboa sawasawa," alisema. "Katikati kabisa."

"Nilipima na chaki kwanza," alisema Shangazi Agripina.